Kifua cha Mzee Gitobu

Ni nini hasa kilichokula kifua cha Mzee Gitobu, hakuna aliyejua pale Githongo, na mwenyewe pia hakujua. Alisaga unga katika poshomili ya sokoni miaka thelathini na moja, hadi hospitalini walipomkataza kuingia tena kwenye lile vumbi. Kazi ikaenda kwa msichana aitwaye Karambu. Tangu hapo Gitobu hushinda kwenye benchi la Cicily, mama chai, chini ya ukuta wa poshomili, akisikiliza mashine yake ikiwasagia watu.

— Ni baridi ya mlima, alisema Ndwiga, muuza dawa za ng'ombe, ambaye kijiwe humwita Daktari.

— Baridi gani? Ni mlingoti wa simu, alijibu Kiunga, fundi wa pikipiki, au Injinia. Tangu uwekwe, hata kuku wangu wanakohoa.

— Kuku wako wako na njaa, Injinia. Huyu mzee ameimba besi kanisani miaka arobaini. Pumzi yote alimpatia Mungu.

— Basi arudishiwe kidogo.

Gitobu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. Ndani, mashine ilinguruma kwa uzito. Mawe yamekazwa mno, aliwaza; unga utatoka moto. Kidole gumba chake kikasugua hewa, kama kinachopima unga.

— Wacha niingie nimwambie Karambu tu, halafu nitoke. Dakika moja.

— Dakika ya juzijuzi ilikulaza wodini wiki mbili, alisema Cicily. Kaa, mzee wangu.

Sheila, mwalimu mgeni aliyekuwa amekuja kusaga mahindi, alitoka akipangusa unga kwenye nyusi. Aliliangalia bomba la moshi wa dizeli lililotokeza ukutani, juu tu ya kofia ya Gitobu.

— Habari zenu, wazee. Kwani mbona mnakaa hapa?

Injinia akafuata macho yake hadi kwenye bomba. Daktari akaondoa masizi kwenye chai yake. Gitobu akainama. Wenzake walikaa pale kwa ajili yake, na yeye kwa ajili ya ule mngurumo.

Iliamuliwa benchi livuke barabara hadi kwenye ua wa kanisa, na kila asubuhi Karambu ampelekee mzee unga wa kwanza aukague. Daktari na Injinia walilibeba. Gitobu alifuata, akipumzika mara mbili njiani.

Karambu alivuka na unga kiganjani. Mzee akausugua, macho ameyafumba.

— Legeza kidogo, mwanangu. Robo tu.

Karambu akarudi, akalegeza. Ng'ambo ya barabara, Gitobu alitega sikio; kilichomfikia ni mngurumo wa malori tu.