Zizi la Mhembano

Sikilizeni, wanangu. Yotham, sogea hapa. Nawe Zipora, niinue kichwa, maana nitasema mara moja tu.

Mnajua kwamba miaka tisa nilikuwa akida, mkono wa kuume wa Bwana Mkubwa wa boma, Mjerumani ambaye neno lake halikuwa na wa kulirudisha. Akikohoa yeye majumbe walitetemeka, na mimi niliyesimama nyuma ya kiti chake nilitetemesha waliobaki. Niliogopwa, nanyi mkashiba. Hayo mnayajua, ila la Mhembano wa Makole hamlijui.

Mwaka ule wa ukame boma lilitoza ng'ombe, na kila mwenye kaya aliapishwa barazani aseme anao wangapi. Mhembano aliapa kumi na wawili, askari wakamkuta na arobaini. Nanyi mnajua sisi Wagogo hatulazi mali yote zizi moja. Unamtunzisha rafiki wa mbali, yeye anywe maziwa, ndama wawe wako, ili maradhi yakipita kwako usibaki mikono mitupu. Kumi na wawili walikuwa wake kweli. Waliozidi walikuwa wangu, nimewaficha kwake nisitozwe.

Mhembano akasema waliozidi anamtunzia mtu. Bwana Mkubwa akanigeukia. "Akida, mzee huyu anasema kweli?"

Nikajibu, "Sijui, Bwana."

Mimi, niliyewakata masikio wale ng'ombe kwa kisu changu, alama ya mali yangu! Mhembano alinitazama, angeweza kunitaja, hakunitaja. Akachapwa viboko, akashushwa pwani na mnyororo shingoni, hakurudi. Bwana Mkubwa akanizawadia zizi zima la Mhembano, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimewaita mnisikie nikiumbuka.

Ng'ombe wa Mhembano niliwakata masikio upya wafanane na wangu, wakazaa, wakachanganyika, na leo hata mimi siwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo wataondoka wote. Usiniinamishie uso, Yotham, najua unawaza watoto wako watakunywa nini. Mbuzi nawaachia, na shamba la Mkonze, na mna mikono. Nimewalisha cha mtu miaka yote hii, sitawarithisha.

Anyesi, binti Mhembano, yuko langoni tangu asubuhi, nimemwita mimi. Mwamkieni kwanza, ni mkubwa wenu. Kisha mwambieni mbele ya majirani, kwa sauti: baba yetu alijua, akasema hajui. Akitukana, nyamazeni. Akikataa kuwasamehe, mpeni ng'ombe wote hata hivyo.

Mwenye kaya huzikwa zizini mwake. Mimi msinizike humo. Nje ya uzio, upande wa miiba, na kanzu ya uakida ichomwe. Asiivae mjukuu wangu hata kwa mchezo.

Maji, Zipora... Basi, yatosha.

Nenda ukafungue, Yotham. Sasa, ningali nasikia. Sitawabariki zizi likiwa limejaa.

...Hiyo kengele ya mtamba mwekundu. Na huyo... dume mweusi, amesimama langoni. Usimzuie, mwanangu. Mchape apite.

Bado wangapi, Zipora? Niambie. Mimi sasa sioni...

Wameisha?

Basi njooni. Nipeni vichwa vyenu. Mvua iwakute mmeshapanda. Mkiulizwa mnalolijua... semeni. Semeni tu, hata kama...

Nyamazeni. Kengele bado naisikia. Inakwenda Makole.