Kumbukumbu za Jeshi za Baba Yake Arvella

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la mjini St. Louis, Marekani, na sikio langu, Mungu anisamehe, halina adabu. Mama mmoja wa makamo, Arvella, alikuwa amepakata bahasha ya serikali. Jirani yake wa kiti, mzee Dewitt, waliyejuana naye humo humo basini, alivaa kofia ya askari wastaafu.

"Ni nakala za kumbukumbu za jeshi za marehemu baba," Arvella alisema. "Nimeziomba ili mama azikwe makaburi ya wanajeshi, kama mjane wa askari. Ndiyo naenda kumwona hospitali; daktari anasema hamalizi wiki."

"Sasa si ufungue, dada?"

"Naogopa. Mlango ukigongwa tu, baba alikuwa anajificha chooni, mpaka uzeeni. Je, kama alitoroka vitani? Mama hatapokelewa huko makaburini."

"Hata mimi hujificha, na sikutoroka. Huioni kofia?"

"Kofia hata sokoni zinauzwa, mzee wangu."

Dewitt akacheka. Arvella hakucheka. Alimsukumia bahasha. "Nisomee wewe. Mimi siwezi."

Mzee akaichana, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, kisha akaurudia. Nilirefusha shingo bila haya, nisione kitu.

"Inasemaje?" Arvella akauliza kwa sauti ya kitoto.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Dewitt akaikunja karatasi taratibu, akamshika mkono.

"Shuka kwanza, dada. Nitakuambia tukishafika chini."

Wakashuka pamoja, na mlango ukajifunga, nami hadi leo sijui karatasi ile ilisema nini.