Jina la Jambazi wa Kitaliano

Tangu basi litoke Kibondo, Nasma alijifanya amesinzia, kumbe masikio yamehamia kiti cha nyuma. Huko mzee Havyarimana, mkulima aliyehamia zamani kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa amembana Badru, dijei anayetia picha Kiswahili kwenye kibanda cha video.

"Ile picha ya Kitaliano, mwanangu. Yule mwenye bastola anayezunguka peke yake kulipiza kisasi. Yule jambazi anayesakwa, mbona umempa jina langu?"

"Mzee wangu, Kitaliano sijui hata salamu. Nikinyamaza watu wanapiga miluzi. Nilitaka jina refu la kujaza mdomo, basi."

"Ungeweka la baba yako."

"Baba huwa anakuja kutazama."

Nasma aliuma mtandio asicheke. Mzee yeye wala hakutabasamu.

"Sasa kijiji kizima kinaniita Jambazi, mpaka wajukuu. Tena ukasema alichoma nyumba ya watu ng'ambo ya mpaka, ndipo akakimbilia huku. Nani alikwambia?"

"Mzee, kwenye picha hamna nyumba inayoungua. Wanagombea dhahabu tu. Hiyo nyumba nimeitunga mwenyewe, kunogesha."

"Nakuuliza kwa upole, kijana. Nani alikwambia habari za ile nyumba?"

Badru, mtu wa kuwasemea wazungu kumi kwa mpigo, akageukia dirisha kutafuta stendi. Nasma naye akasahau usingizi wake, akageuka mzimamzima.

Basi likasimama stendi ya Kasulu. Badru, aliyekaa dirishani, akaomba njia. Mzee hakusogeza hata goti.