Mzee Gunia, Aliyeitwa Kila Palipoonekana Nyoka

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza, nimesimama hapa kama mdogo wake wa pekee. Marehemu kaka yangu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Gunia, aliwahi kufika kwa wengi wenu. Aliingia mpaka uvunguni mwa vitanda vyenu, akatoka na gunia lake, na baada ya hapo hamkuonana naye tena mpaka leo. Kwa hiyo naomba niwaeleze alikuwa nani.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba alikuwa mchomaji wa matofali, na mama alifua nguo za watu. Kwenye marundo ya matofali mabovu nyoka hawakukosekana, na kila aliyeonekana aliuawa. Siku moja baba alimponda mmoja mdogo, mwembamba kama kamba ya kiatu, mbele ya mlango wetu. Kaka alikuwa hajaanza hata shule. Akauliza, "Alikuwa amefanya nini?"

"Alikuwa nyoka," baba akamjibu.

Mama alikuwa akisimulia kwamba jibu hilo halikumtosha, na kwamba siku hiyo aligoma kula.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1959, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mkiani. Mwaka 1968 mama yetu alifariki, na baba peke yake hakuweza kututunza wote wawili shuleni. Kaka alikunja sare zake, akaziweka juu ya kabati, akaenda kutafuta kibarua. Mimi niliendelea, nikawa mwalimu. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo, hata tulipokosana.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa na Idara ya Afya ya manispaa, katika kikosi cha kunyunyizia dawa ya mbu. Ilikuwa kazi ya kubeba pampu mgongoni na kupita mitaroni. Wenzake walipokutana na nyoka walimkatakata kwa majembe. Yeye alitengeneza fimbo yenye ndoano, akawa anawakamata, anawatia guniani, na kuwapeleka kwenye msitu wa bwawa la maji. Msimamizi wake alidhani ana kasoro kichwani. Baadaye simu za wananchi zilipozidi, akamwambia, "Basi wewe ndiye wa nyoka." Hakupewa barua wala cheo. Alikuwa wa nyoka mpaka alipostaafu mwaka 2011, na hata baada ya hapo simu hazikukoma.

Kila nyumba ilimuuliza maswali yaleyale. Eti ukimuua mmoja, mwenzake anakuja kulipiza kisasi? Eti ukimwaga mafuta ya taa mlangoni hapiti? Na lile la kila mwaka: mbona wanazidi mvua zikianza? Alijibu kila mtu kana kwamba ndiye wa kwanza kuuliza. "Hawajazidi, mama. Mashimo yao yamejaa maji. Nawe chumba chako kikijaa maji, si utatafuta pakavu?" Lile eneo la matete lilipofukiwa kwa vifusi na nyumba zikajengwa juu yake, aliitwa huko karibu kila wiki. Wenye nyumba walilalamika kwamba wamevamiwa. Kaka hakubishana nao. Aliinama, akamulika chini ya makochi, akafanya kazi yake.

Aling'atwa mara moja tu, mwaka 1987, na kifutu aliyekuwa amejificha kwenye kuni. Alipona, lakini kidole chake cha shahada cha kushoto kilibaki nusu. Alisema kosa lilikuwa lake, kwa kuwa alikuwa na haraka.

Kuna siku aliitwa kwenye ofisi ya mawakili. Aliwakuta makarani wamesimama juu ya meza, na wakili mwenyewe amepanda juu ya kabati la mafaili, tai imemkaa begani. Kaka akamtoa nyoka mdogo wa nyumbani, asiye na sumu, aliyekuwa amejikunja ndani ya mashine ya kurudufu. Walimpigia makofi. Akafunga gunia, akafuta mkono kwenye suruali, akamnyooshea wakili ili waagane. Wakili akaweka mikono nyuma. Wengine wakampungia kutoka juu ya meza, kwa adabu kabisa. Kaka alinisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alicheka alipofika kwenye lile kabati. Ile sehemu ya mkono aliipitia haraka.

Tarehe 4 Agosti 1979 alimuoa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na stoo ya manispaa. Uchumba wao tuliugundua kwa macho. Kila wiki kaka alikuwa anapeleka suruali kupunguzwa, mpaka tukaanza kumwona vifundo vya miguu. Mwaka 1982 walijaliwa binti. Waliishi vizuri, ila wifi yangu hakuwahi kulizoea gunia, na binti alitaniwa sana shuleni.

Mwaka 1990 swila alichomoka guniani, akakutwa ndani ya kapu la nyuzi. Hakumng'ata mtu. Kaka alimrudisha guniani bila kelele, akarudi ndani akamkuta mke wake ameshatoa sanduku.

"Nilikubali kuolewa na wewe," wifi alimwambia. "Sikukubali kuolewa na gunia."

Alihamia kwa dada yake, nyuma ya soko, akaenda na binti. Kaka hakumzuia. Angeweza kuomba arudishwe kwenye pampu ya mbu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Wataanza tena na majembe." Hawakuachana kisheria, wala hawakusuluhishwa. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme.

Kaka akabaki kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya stoo. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda, redio aliyoiacha ikisema peke yake kutwa, na kiti kimoja. Nilipomtembelea Jumapili yeye alikaa kitandani. Nilimletea kiti cha pili, akakitumia kuwekea ndoo. Chakula alipika kwenye sufuria ndogo, akala akiwa amesimama, jirani na dirisha ambako simu ilishika mtandao.

Mwaka 2004, baada ya mvua kubwa, simu ililia. Alikuwa wifi. Alisema kuna nyoka nyuma ya tangi la maji. Kaka akavaa viatu vya mpira, akaenda. Alitafuta nyuma ya tangi, chini ya mbao, ndani ya bomba la kutolea maji. Wifi akamletea chai barazani. Kaka akasema huenda nyoka ameshaondoka, na kwamba angepita tena kesho kuhakikisha.

Ikawa hivyo kila msimu wa mvua, na baadaye hata wakati wa kiangazi. Siku moja nikamuuliza amekamata wangapi pale.

"Hakuna," akasema. "Pale pote ni saruji. Hakuna panya, hakuna ufa. Nyoka hana la kufanya pale."

"Sasa mbona unaenda?"

"Nimeitwa."

Wifi yangu ameniruhusu niyaseme haya. Ameniambia pia walichokuwa wakiongea barazani. Alimuuliza maswali ambayo mji mzima ulimuuliza, na ambayo katika ndoa yao hakuwahi kumuuliza. Nyoka anasikia? Analala saa ngapi? Ukimtupa mbali, anarudi alikotoka?

"Wengine hujaribu," kaka alimjibu hilo la mwisho. Chai ikaisha, akaaga, akarudi kwake. Hakuomba abaki, na hakuombwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020 miguu ilianza kumvimba. Hospitali ilisema ni figo. Wengi mmenipigia simu kuuliza kama ni sumu ya nyoka. Hapana, ni figo, kama wanavyougua watu wengine. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwezi Julai mwaka 2022 alilazwa, na hakutoka tena.

Akiwa wodini, simu yake ililia mikononi mwangu. Wifi alisema, "Mwambie kuna nyoka huku." Nikamfikishia.

"Nipe viatu," kaka akasema.

"Kaka, huwezi kusimama."

Akafikiri kidogo. "Basi mwambie akae mbali, nitakuja."

Nikamweleza wifi alipolazwa. Akakata simu. Siku ileile, wakati wa kuona wagonjwa, alitokea mlangoni na mkoba wake kifuani, akavuta kiti.

"Nimekupigia, hukuja."

"Nimelazwa."

"Naona." Akamnyooshea shuka. Kaka akamuuliza nyoka yuko wapi.

"Ameondoka."

"Nilijua ataondoka," kaka akasema, na akacheka kwa sauti ndogo. Wifi akaupokea mkono wake, ule wenye kidole nusu, akakaa nao mpaka kengele ya wageni ilipogongwa na muuguzi akaanza kututoa.

Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 2022, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni. Sisi wote tulikuwa nje ya geti. Hakuna wa nyumbani aliyekuwa karibu naye.

Kamati ya mazishi iliniuliza tuandikeje kwenye ratiba, kwa kuwa wawili hawa walikuwa hawajaishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Sikutaka kukisia. Nilimfuata wifi kwake, nikamuuliza. Alitazama uani.

"Andika mke," akasema.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake. Tunamwombea amani huko anakopumzika.