Mtu Aliyeshika Mlango

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka kwenye bomba la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa injini na mama yake mshonaji. Chumba chao kilitenganishwa kwa pazia na cha jirani aliyefua nguo za watu, na mama hao wawili waligombania dirisha moja miaka mingi: mmoja akitaka mwanga wa kushonea, mwingine upepo wa kukaushia nguo. Marehemu alipokuwa na miaka tisa aliwauliza, kila mmoja peke yake, dirisha analihitaji saa ngapi. Ikaonekana mama yake analihitaji asubuhi na jirani alasiri. Tangu hapo pazia likawa linasogezwa mara mbili kwa siku, na mama yake akawa anamwita "mwanasheria wangu asiye na viatu."

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1966 na kumaliza kidato cha sita Novemba 1971. Mkuu wa bweni aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho: "Habishani, lakini mwishowe hupata anachokitaka." Ripoti hiyo ipo hadi leo. Baada ya miaka miwili ya chuo cha ualimu, Januari 1974, alianza kufundisha hesabu katika shule ya wavulana iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli.

Hapo ndipo alipomkuta mwalimu wa historia aliyekuja kuwa mkewe. Walikutana kwa ugomvi, kwa kuwa wote wawili walikitaka kipindi cha kwanza cha asubuhi kwa kidato cha nne. Badala ya kujitetea, marehemu alizieleza sababu za mwenzake vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amezieleza, kisha akamuuliza, "Ni hivyo, au nimekosea?" Hakuwa amekosea. Kipindi cha kwanza kikaenda kwa historia, na ndoa ikafungwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975. Mama mkwe wake alisema kijana huyu ameachia ratiba akachukua binti. Walijaliwa watoto wanne.

Alikuwa mwalimu mkuu kuanzia 1982 hadi 1990, alipochaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 2003 wabunge wa chama chake walimchagua kuwa kiongozi wao, na kwa miaka sita kila bajeti ya serikali ilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwenye kura. Bungeni walimwita Bwana Nimekosea. Wengine walilitamka jina hilo kwa dhihaka. Alilipenda.

Familia imeona ni haki kueleza hapa yaliyotokea Juni 2009, kwa sababu wengi mliopo mmeyasikia yakisimuliwa vingine.

Mwaka huo pande mbili za Bunge zilikuwa karibu sawa kwa idadi. Chama chake kilitaka barabara kuu ijengwe yote kwa mara moja. Upande wa pili ulitaka fedha hizo zibaki kwenye zahanati na mishahara ya wakunga, na waziri wa fedha ajiuzulu. Kila upande ulikuwa umeapa mbele ya watu kwamba hautarudi nyuma. Bajeti isingepita kabla ya tarehe 30, serikali isingekuwa na ruhusa ya kulipa mtu yeyote mshahara. Zilipita siku kumi na tisa hivyo. Wakunga walikaa nje ya uzio wa Bunge wakiwa na sare zao, na baadhi ya zahanati zilikuwa zimeshaanza kuwarudisha wajawazito nyumbani.

Kiongozi wa upande wa pili alijulikana kwa jina la Nyundo, kwa jinsi alivyopiga meza. Jumatatu, tarehe 29, saa tatu asubuhi, marehemu alimwomba waingie wawili tu katika chumba cha kuwekea viti vibovu, nyuma ya ofisi ya karani. Alikuwa na daftari la hesabu la miraba na penseli. Aliandika madai yote ya Nyundo kwa mkono wake, akamsomea, akauliza kama amekosea. Nyundo alimsahihisha. Akafuta, akaandika upya, akasoma tena. Walifanya hivyo mara nne, huku karani akigonga mlango kusema Spika anauliza na waziri anauliza. Mara ya tano Nyundo hakusahihisha kitu. Akasema dai la waziri kujiuzulu analiacha.

Aliyerudi nyuma kwanza, basi, alikuwa Nyundo. Ndipo marehemu naye akakubali barabara ijengwe kwa awamu mbili na zahanati zisiguswe. Lakini Nyundo alikuwa na wabunge kumi na mmoja ambao wangeikataa bajeti na kumvua uongozi mchana uleule kama wangejua nani alianza kulegeza. Aliomba lisijulikane. Marehemu alitoa neno lake kwamba hatasema.

Bunge lile lilikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Viongozi wakitoka kwenye mazungumzo, anayeingia ukumbini wa kwanza ndiye aliyeshinda. Wabunge waliisoma hivyo, na wapiga picha vilevile. Saa nane mchana marehemu alifika mlangoni akiwa mbele kwa hatua mbili. Akasimama, akaushika ule mlango mzito kwa mkono wa kushoto, akasema, "Tangulia, mzee." Bajeti ilipita kwa tofauti ya kura tisa. Mishahara ya Julai ililipwa, na hakuna zahanati iliyofungwa.

Kesho yake picha ya mlangoni ilikuwa kwenye kurasa za mbele. Ikasemwa kwamba amemfungulia adui, kisha kwamba amelipwa, na baada ya wiki kwamba amepewa nyumba. Neno MSALITI liliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti, na ingawa lilipakwa rangi mara tatu lilionekana kila mvua iliponyesha. Binti wa mwisho, akiwa kidato cha tatu, aliulizwa na mwalimu mbele ya darasa kama nyumba mpya ina vyumba vingapi. Oktoba, katika kikao cha wabunge wa chama, walimvua uongozi. Katibu alimwambia mbele ya wote, "Mlango unaujua, mzee. Jishikie mwenyewe." Watu walicheka. Alitoka, na mlango akaufunga taratibu.

Nyumba inayosemwa hakuna mtu aliyewahi kuionyesha. Iliyopo ni ileile ya matofali aliyomaliza kuezeka mwaka 1987, na waliokuja kutufariji wiki hii wameona wenyewe mahali ambapo baraza linavuja.

Mkewe alimsihi aseme sentensi moja tu kwa ajili ya watoto. Alimjibu, "Mama watoto, nikisema leo, mwakani nani atakubali kukaa chumbani na mimi?" Hilo halikuwa jibu rahisi kuishi nalo, na hatutasema kwamba lilipokelewa kwa furaha. Lakini hadi alipostaafu mwaka 2015, katika bajeti tano kati ya sita zilizofuata, pande zote mbili zilimwita kimyakimya kwenye kile chumba cha viti vibovu. Wale waliomwita msaliti hadharani walimpigia simu asubuhi.

Novemba 2021 figo zake zilianza kushindwa. Kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu kwa saa nne. Aliwazoea wauguzi, akawasaidia kupanga zamu zao upya mpaka wote wakaridhika. Jumanne, tarehe 11 Aprili mwaka huu, Nyundo alikuja wodini akitembea kwa fimbo. Marehemu alimtania kwamba safari hii mmoja wao amefungwa kwenye mashine, kwa hiyo hakuna kutoka mpaka wakubaliane. Nyundo hakucheka. Alisema, "Miaka kumi na minne umeniuliza kama umekosea. Hukukosea, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyenyamaza." Alimwomba ruhusa ya kusema. Marehemu alimwambia neno alilotoa lilikuwa la kumlinda yeye, na mwenye kulifungua ni yeye. Siku hiyohiyo Nyundo aliandika barua kwenye karatasi ya daftari la miraba, akaisaini mbele ya muuguzi wa zamu. Barua nzima inasema: "Aliyerudi nyuma kwanza ni mimi. Yeye alinificha. Hakupokea kitu, kwangu wala kwa mtu mwingine."

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili, mkewe na binti wa mwisho wakiwa wamemshika mikono.

Juzi alasiri wajumbe wawili wa chama walifika nyumbani wakiomba kwamba, kwa ajili ya umoja, maelezo ya mwaka 2009 yaondolewe kwenye wasifu huu. Walikaribishwa chai, wakasikilizwa hadi mwisho, na hoja yao ikarudiwa mbele yao ili kuhakikisha imeeleweka. Maelezo yamebaki.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia madaftari kumi na tisa ya miraba, ambayo wajukuu wameomba yasitupwe.

Nyundo yumo ukumbini leo, katika safu ya pili. Ameiomba familia jambo moja, nayo imekubali: jeneza litakapofika mlangoni, atakayeushika mlango ni yeye, na marehemu atatangulia.

Apumzike sasa, na amani aliyowatafutia wengine imkute huko aliko.