Wali Uliokwisha Kuiva Kesho

Pale Same mjini, nyuma ya maduka ya mabati, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo Devotha, binti wa milimani, huuza kahawa na vitumbua, na asubuhi hiyo benchi zima lilikuwa linamfundisha Kiingereza. Kesho yake alikuwa anaitwa kwenye usaili wa upishi, hoteli ya watalii njia ya mbugani, na alikwisha kuambiwa ataulizwa atawapikia nini wageni. Kazi ile aliitaka mno. Moshi wa mkaa ulikuwa umemchosha, na jua la Same mnalijua wenyewe.

Mwalimu alikuwa mzee Sadock, waliyemwita Balozi kwa kuwa aliwahi kumbebea Mzungu mabegi mpaka kilele cha mlima Shengena. Akasema Wazungu wana kesho nne. I will cook, hujawasha moto. I will be cooking, moshi unatoka. I will have cooked, wageni wanachokoa meno. I will have been cooking, hapo macho yako mekundu kama pilipili.

Hamidu fundi umeme, Waya kwa jina la benchi, akadai ziko nne kwa sababu ya baridi ya kwao, maana kesho ikiwa moja inaganda. Balozi akakataa: moja ni ya akiba, kama tairi la gari.

Devotha akakwama kwenye ile ya tatu. Nyumbani kwao hutamki jambo la kesho bila kumtaja Mungu, seuze kulisema limekwisha.

— I will, Mungu akijalia, have, akijalia tena...

— Dada, mpe Mungu likizo kidogo, Waya akasema.

— Likizo? Na wali ukiungua?

— Utakuwa umekwisha kuungua, Balozi akajibu. Ni ile ile ya tatu.

Wakacheka mpaka benchi likayumba.

Ndipo akafika mama Leticia, muuza tangawizi kutoka Gonja. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatua kikapu, akasikiliza. Kisha akauliza taratibu:

— Akiipata hiyo kazi, hapa kahawa atapika nani?

Waya akakitazama kikombe chake kama anayeagana nacho. Balozi, mwenye kesho zote nne, akamgeukia mwanafunzi wake.

— Devotha mwanangu, akasema, hivi hicho Kiingereza unakihitaji kweli?

Devotha alikuwa ameinamia jiko, kanga mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipoinuka akaisema ile kesho ya tatu kwa pumzi moja mpaka mwisho, kisha akawainamishia birika. Halikutoa hata tone: kahawa ilikuwa imekwisha.