Jumamosi Yangu Jikoni Mgodini

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu aliyenifikisha tena nyumbani mwake. Wengi mnanifahamu kama Mama Doto, mwenyeji wa Kambarage. Nimeombwa nishuhudie. Nitasema kidogo maana nimechoka, na uchovu wenyewe ni sehemu ya ushuhuda.

Huu ni mwaka wa nne napika Geita, kwenye kambi ya mgodi. Kampuni iliyotuajiri inalisha wachimbaji. Saa kumi na moja alfajiri moto unawaka, jioni bado tunasugua masufuria. Msimamizi wetu wa kwanza alijua naishika Sabato. Jumamosi alinipa mapumziko, nami nilifanya kazi Jumapili zote na sikukuu zote. Hakuna aliyelalamika.

Mwaka jana alikuja msimamizi mpya. Nilimpelekea ombi langu. Akasema, "Mama Doto, hata mimi ni Mkristo. Mbona Jumapili nipo kazini? Mungu wako ni wa tofauti?"

Jumamosi ya kwanza sikwenda. Jumatatu nikapewa barua ya onyo, nikavuliwa uongozi wa zamu, nikahamishwa kutoka kwenye upishi nikapelekwa kwenye masinki. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Sabato. Mikono ilichubuka kwa sabuni. Nilifunga, nikamwomba Mungu amwondoe yule mtu. Ndugu zangu, hakumwondoa.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hapa. Jumamosi ya tatu nilikwenda kazini. Mama yangu anawalea wanangu wawili huku Kambarage, na niliogopa kurudi kwake mikono mitupu. Nilisuuza masufuria tangu asubuhi hadi mchana. Sikulia. Sikusikia chochote moyoni, na hilo ndilo lililonitisha. Niliendelea hivyo majuma matano, nikawadanganya ninyi kwamba ninaumwa mgongo.

Kwenye masinki nilimkuta Mama Shamsa, Mwislamu, mtu wa Kigoma. Alipelekwa pale kabla yangu. Msimamizi alikuwa amemwamuru avue ushungi, eti kofia ya jikoni inatosha. Mama Shamsa alisema ataufunga vizuri ndani ya kofia. Siku ile msimamizi aliniuliza mimi, kwa kuwa wakati huo bado nilikuwa kiongozi wa zamu: "Huu ushungi umewahi kuleta shida jikoni?" Haukuwahi hata siku moja. Nikajibu, "Sijui, bosi." Mama Shamsa alinitazama, akaondoka na ndoo yake kwenda kwenye masinki.

Kwa hiyo tulisimama pamoja pale, yeye anasugua, mimi nasuuza. Siku nyingi sikuweza kumtazama usoni. Mwishowe nilimwambia, "Mama Shamsa, siku ile nilijua jibu. Niliogopa. Nisamehe."

Akaendelea kusugua. Baadaye akasema, "Nilijua kwamba ulijua. Iliniuma." Kisha akauliza, "Na wewe, siku hizi Jumamosi huendi kusali?"

Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa mgongo. Akasema, "Mimi Jumamosi sina shida nayo. Shida yangu ni Ijumaa mchana, saa moja tu niende msikitini. Wewe nishikie Ijumaa, mimi nitakufanyia Jumamosi. Twende ofisini."

"Watatufukuza sote wawili."

"Kwani hapa tulipo tumekaa salama?"

Tulikwenda. Kwa afisa utumishi nilianza mimi, maana deni la kusema lilikuwa langu. Nikasema nilikuwa kiongozi wa zamu, na ule ushungi haukuwahi kuleta shida yoyote. Ndipo Mama Shamsa akaeleza mpango wetu. Afisa akamwita msimamizi, akamuuliza, "Wakibadilishana hivi, chakula kitachelewa?" Msimamizi akatazama ratiba ya zamu kwa muda mrefu. Akasema hakitachelewa. Afisa akaandika mabadiliko yale, akayapiga mhuri, na Mama Shamsa akaruhusiwa kuvaa ushungi wake.

Nilipotoka nje Kiswahili kilinikimbia. Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana." Yeye si Msukuma, lakini alinishika mkono, akacheka.

Msifikiri mambo yote yamenyooka. Uongozi wa zamu sikurudishiwa. Msimamizi yuleyule yupo, na salamu yangu huitikia akiwa amegeukia pembeni. Ijumaa nafanya kazi ya watu wawili, na Jumamosi nafika hapa miguu imevimba. Leo wakati wa maombi nilisinzia, wazee wa kanisa mnisamehe.

Lakini nimefika. Nilimwomba Mungu aniondolee adui, akanipa mwenzangu niliyekuwa nimemwacha peke yake. Aliniponya woga wangu na uongo wangu. Namshukuru kwa hilo, na nawaomba radhi kwa ule mgongo.

Wewe uliyekaa hapo nyuma, kazini kwako wanakuonea kwa sababu ya imani yako, mtegemee Bwana, usikate tamaa. Na kama anayeonewa ni mwingine, hata kama hasali unaposali wewe, ukiulizwa unajua nini, sema. Sasa hivi, mimi nikiwa nimesimama mbele yenu, Mama Shamsa yuko kwenye masufuria yangu. Naomba tusimame tumwombee, tukimtaja kwa jina lake.